Kaka alipewa kadi ya Mzungu, mimi ya chotara. Sasa anataka tuonane kwa siri

SWALI

Mwanangu Mshauri,

Nakuita mwanangu kwa kuwa nina miaka 70. Anayeniandikia ni mjukuu wangu wa miaka 16, ndiye anayenisomea safu yako. Mimi nasema, yeye anaandika na kunyoosha pale Kiswahili changu kinapopinda, maana lugha hii nilijifunza nikiwa mtu mzima.

Nilizaliwa mwaka 1955 Cape Town, Afrika Kusini, katika mtaa wa District Six. Baba alikuwa Mzungu, seremala wa bandarini aliyekuja na meli kutoka Uingereza. Mama alikuwa mshonaji. Serikali ya Makaburu ilimwandika Kleurling, mtu wa rangi. Hapa mngesema chotara. Walioana 1948. Mwaka uliofuata ikatoka sheria ya kupiga marufuku ndoa kati ya Wazungu na wasio Wazungu. Ndoa yao haikuguswa kwa sababu iliitangulia sheria, lakini mama alikiweka cheti chake ndani ya Biblia, na kila polisi alipopita mtaani alikwenda kuigusa droo yenye ile Biblia. Nilikua nikidhani kila mama hugusa droo polisi akipita.

Kaka alizaliwa 1949. Yeye alichukua kwa baba: nywele za kulala, macho ya kijivu, ngozi inayoungua jua likichomoza tu. Mimi nilichukua kwa mama. Usiku mama alinivalisha soksi ya nailoni kichwani ili nywele zilale, na kaka alikuwa akiniuliza kama inauma. Nyakati zile nywele zilikuwa ushahidi. Kulikuwa na maofisa waliochomeka penseli kwenye nywele za mtu kuona kama itaanguka au itakwama, na hapo ndipo walipoamua aandikwe nani.

Ninachokumbuka zaidi ni treni. Jumapili tulikuwa tunakwenda Simon's Town kumtembelea rafiki wa baba. Mabehewa ya mbele yalikuwa ya Wazungu peke yao. Baba alijaribu kukaa nasi nyuma, na mara mbili tatu kondakta alikuja kumwambia taratibu, kama mtu anayemsaidia mgeni, kwamba amekosea behewa. Mwisho baba akachoka. Akawa anakwenda mbele na kaka, mimi na mama tunabaki nyuma, tukishuka tunaungana tena na kutembea wanne kama kawaida. Kaka alikuwa akiniletea peremende. Nilikuwa na miaka mitano, nikaamini kule mbele kuna duka.

Baba alifariki 1963. Dada yake, aliyekuwa akiishi Port Elizabeth, alikuja mazishini. Siku ya nne aliondoka na kaka. Kaka alikuwa na miaka 14. Aliyefunga sanduku lake ni mama. Nilimsikia jikoni akimwambia wifi yake kwa Kiafrikana, akimaanisha kupita kama Mzungu: "Huyu anaweza kupita. Basi apite."

Mwaka uliofuata mama alikwenda kumwona. Wifi yake alimpitisha mlango wa jikoni na kumpa aproni, ili jirani akitokea asiulize. Mama alikaa siku mbili amevaa aproni katika nyumba ambayo mwanawe alikuwa analala chumba cha mbele. Hakwenda tena. Mwaka 1965 kaka alipofikisha miaka 16 akapata kadi ya kitambulisho. Mzungu. Yangu ilipotoka 1971 iliniandika kama ya mama. Mwaka huohuo wa 1971 nyumba yetu ya District Six ilibomolewa, tukapelekwa Manenberg, mchangani, upepo unaingia chini ya mlango usiku kucha.

Kaka alirudi Cape Town kufanya kazi benki. Mwaka 1972 nilikutana naye uso kwa uso barabara ya Adderley, saa ya chakula cha mchana. Nilikuwa nimebeba magauni ya wateja wa mama. Aliniona. Akainama kufunga kamba za viatu mpaka nilipopita. Viatu vile havikuwa na kamba.

Alioa 1974. Wakwe aliwaambia kwamba mama yake alikwisha kufa. Mama alipata habari kwa mtu, akavaa nguo yake ya kanisani, akanishika mkono, tukaenda kusimama kituo cha basi ng'ambo ya kanisa. Bwana na bibi harusi walipotoka nikaanza kulia. Mama akaniambia: "Usilie, watu watadhani tunawajua."

Mwaka 1976 vijana walipoinuka Soweto, moto ukafika na kwetu Cape mwezi Agosti. Nilikuwa nasomea ualimu. Mwaka 1977 nilikimbia kupitia Botswana, nikafika Tanzania, na baadaye nikafundisha watoto wa wakimbizi wenzangu katika shule ya ANC, chama cha ukombozi cha kwetu, pale Mazimbu, Morogoro. Nikaolewa na Mluguru, marehemu sasa, mtu wa upole sana. Shule ilipokabidhiwa serikali ya Tanzania 1992 wenzangu wengi wakarudi kwao. Mimi nilibaki, nilikuwa na watoto wanaokwenda shule na mume mwenye shamba. Siku ya kwanza nilipokwenda sokoni Morogoro mtoto alinipigia kelele "Mzungu! Mzungu!" Niliweka kikapu chini nikacheka, halafu nikashindwa kuacha kulia.

Mama alifariki 1988. Nilikuwa uhamishoni, sikuweza kumzika. Jirani aliniambia kwamba usiku wa kuamkia mazishi gari moja lilisimama mbele ya nyumba, taa zimezimwa, likakaa mpaka karibu na alfajiri. Anaamini alikuwa kaka.

Sasa, mwezi uliopita, nimepokea ujumbe kwenye simu. Ni kaka. Namba aliipata kwa mama mmoja wa kanisa letu la zamani. Ameniita Sussie, jina ambalo hakuna mtu ameniita tangu mama. Anasema figo zimekwisha, madaktari hawamfichi. Anataka tuonane. Atanilipia tiketi na hoteli. Tukutane hotelini. Halafu akaongeza hivi: "Watoto wangu hawajui, na kwa umri huu sioni sababu ya kuwasumbua."

Mwanangu wa kiume anasema niende, damu nzito kuliko maji. Binti yangu amekasirika, anasema huyo si kaka, ni mtu aliyemuua bibi yake akiwa hai. Mjukuu huyu anayeandika amewapata watoto wa kaka mtandaoni, ana picha zao, anataka awaandikie ukweli leo hii. Usiku ananiuliza: "Bibi, sisi ni nani hasa?" na mimi sina jibu, nazima taa.

Niende au nisiende? Na nikienda, niende kama nani?

Sussie, Morogoro


JIBU

Mama, shikamoo. Na wewe mjukuu unayeandika, hujambo? Asante kwa mkono wako ulionyooka.

Mama, nenda. Ila usipite mlango wa jikoni.

Hilo ndilo jibu langu, na sasa nataka nikuonyeshe nimefikaje, kwa sababu binti yako ana hoja nzito na sitaki aone nimempuuza.

Kwenye barua yako kuna wanaume watatu na wote unawaita kaka. Kuna mvulana wa miaka 14 aliyefungiwa sanduku. Kuna kijana wa Adderley na wa kanisani, wa miaka 23 na 25. Na kuna mzee wa leo mwenye simu mkononi. Nadhani unaumia hivi kwa sababu unajaribu kuwasamehe au kuwakataa wote watatu kwa mkupuo.

Mvulana hana deni. Hakuchagua. Sheria ya kuandikisha watu ya 1950 ilikuwa na ukatili wa aina yake: haikutazama kwanza wazazi wako ni nani, ilitazama unaonekanaje na majirani wanakuchukulia kuwa nani. Ndiyo maana shangazi yenu alimhamisha mji. Port Elizabeth hakukuwa na jirani aliyemjua mama yenu, kwa hiyo mtoto mwenye macho ya kijivu anayesoma shule ya Wazungu na kulala chumba cha mbele alikuwa Mzungu, hadithi imekwisha. Miaka miwili baada ya yeye kupata kadi, mwaka 1967, sheria ilibadilishwa ikaanza kuangalia wazazi waliandikwaje. Wifi wa mama yako alimpitisha mlango ukiwa unakaribia kufungwa.

Huko ndani palikuwaje? Unamjua bila shaka Sandra Laing, aliyezaliwa mwaka uleule uliozaliwa wewe. Wazazi wake wote wawili waliandikwa Wazungu, naye akatoka na ngozi ya kahawia na nywele za kujikunja. Mwaka 1966, akiwa na miaka 10, alitolewa shuleni na polisi kwa sababu wazazi wa watoto wengine walilalamika, akaandikwa chotara, na mwaka uliofuata akarudishwa kuwa Mzungu. Mtoto yuleyule, uso uleule. Habari hizo zilijaa magazetini kaka yako akiwa na miaka 17, ana kadi mfukoni na mama mwenye kadi nyingine. Sidhani alilala vizuri mwaka ule. Na alipooa, hofu ile ikazidi: angegundulika, ndoa yake ingeweza kutiwa shaka mbele ya sheria, nyumba yake ingekuwa katika eneo lisilo lake, watoto wake wangetolewa shule.

Sisemi haya ili nimfutie mambo ya 1974. Kuingiwa na woga ni kitu kimoja, na kumzika mama yako kwa mdomo wako akiwa amesimama ng'ambo ya barabara ni kitu kingine. Angeweza kusema mama anaumwa, yuko mbali, hawezi kusafiri. Alichagua neno la kifo. Hilo ni deni, na mdai alikuwa mama yenu, ambaye hayupo tena. Kwa hiyo usiende Cape Town ukidhani utamsamehe kwa niaba yake. Hilo si lako kulitoa. La kwako ni Adderley na vile viatu visivyo na kamba. Hapo una haki kamili ya kumuuliza.

Mzee wa leo, huyo ndiye ninayemwekea msimamo. Sheria ya ndoa ilifutwa 1985. Sheria ya kuandikisha watu kwa rangi na ile ya kugawa maeneo zilifutwa 1991. Mwaka 1994 watu wote walipiga kura kwenye foleni moja. Tangu 1994 hakuna ofisa hata mmoja ambaye angeweza kumnyang'anya mke, nyumba au shule ya watoto kwa sababu ya mama yake. Kabla ya hapo sheria ilimfunga mdomo. Baada ya hapo mdomo ameufunga mwenyewe, zaidi ya miaka 30, na leo anakuomba wewe umsaidie kuushikilia mpaka aingie kaburini. Anakuvalisha aproni, Mama. Hoteli ile ni jiko la shangazi yenu.

Ndiyo maana nasema nenda, lakini masharti uweke wewe.

Tiketi jilipie. Watoto wako wachange, hata kama itabidi msubiri wiki chache. Najua ana uwezo na anataka kutoa, lakini ukila tiketi yake utakuwa mgeni wake, na mgeni hukaa alipowekwa. Wewe kule si mgeni, umezaliwa kule.

Mahali pa kukutana pachague wewe pia. Cape Town kuna Jumba la Makumbusho la District Six, limekuwa ndani ya kanisa la zamani la Wamethodisti tangu 1994. Sakafuni kuna ramani kubwa ya mtaa wenu kama ulivyokuwa kabla ya matingatinga, na waliohamishwa wameandika majina yao pale nyumba zao zilipokuwa. Watu zaidi ya 60,000 walitolewa District Six baada ya serikali kuutangaza mtaa wa Wazungu tarehe 11 Februari 1966. Kaka yako hakuhesabiwa miongoni mwao. Wakati nyumba inavunjwa yeye alikuwa na kadi iliyomruhusu kuishi pale hasa, na hakukuwa na nyumba tena ya kuishi. Nataka asimame juu ya ile ramani, au asukumwe kwa kiti cha magurudumu, akuonyeshe kwa kidole nyumba ya mshonaji ilikuwa wapi. Kama mwili haumruhusu kutoka, basi nyumbani kwake, mlango wa mbele, mchana.

Sasa mjukuu, nisikilize vizuri, maana hapa tutatofautiana. Usiwaandikie watoto wake. Najua kidole kinawasha. Lakini ukifanya hivyo utakuwa umewapa habari ya bibi yao kupitia simu, kutoka kwa mtu wasiyemjua, na baba yao yuko mahututi. Watakachosikia ni shambulio tu. Mtu wa kuwaambia ni yeye. Mpe nafasi hiyo, na umpe muda kidogo, hata kama muda wenyewe ni mfupi.

Ila Mama, kumwachia nafasi si kumwahidi kuficha. Mwambie kabla hujapanda ndege: sitakwenda kutangaza, lakini mtu akiniuliza mimi ni nani, nitasema dada yake. Sitasema rafiki wa kanisa, wala mfanyakazi wa zamani. Akikataa sharti hilo, usiende. Mwandikie unayotaka kumwandikia, zungumzeni kwa simu, mwombee kama moyo unakutuma, lakini usisafiri umbali wote huo kwenda kusimama tena kituo cha basi.

Na akikubali, usichelewe. Huyo Sandra Laing alikaa miaka mingi mbali na wazazi baada ya kutoroka na mwanamume Mwafrika. Alikuja kumwona mama yake mwaka 2000, mama akiwa kwenye nyumba ya wazee. Baba yake alikuwa ameshakufa. Figo hazisubiri familia ielewane.

Kuna jambo jingine ambalo nimesita kuligusa. Umeandika kwamba aliyefunga sanduku ni mama, halafu ukaruka haraka kwenda kwenye aproni. Nimesoma ile sentensi ya jikoni nikaiacha na kuirudia. "Huyu anaweza kupita. Basi apite." Ulikuwa na miaka minane, umesimama mlangoni na nywele zako ndani ya soksi, ukasikia kwamba kuna mtoto anayeweza kupita na kuna asiyeweza. Nadhani hasira ya kwanza kabisa katika barua hii si ya kaka. Ni ya mama, na huwezi kuisema kwa sababu alibaki na wewe, alikushonea, alikushika mkono siku ya harusi. Inaruhusiwa kumkasirikia na kumlilia kwa pamoja. Alikuwa mjane mwenye cherehani, anaishi chini ya serikali iliyomwambia anaweza kumtoa mmoja wa watoto wake kwenye behewa la nyuma. Mimi ni mzazi. Siwezi kuapa kwamba ningelikataa sanduku lile.

Na uniwie radhi kwa hili pia. Kwa mpangilio wa Makaburu, nyinyi mliokuwa mnaandikwa chotara mliwekwa ngazi moja juu ya Waafrika. Hamkubeba pasi, kile kitabu cha ruhusa ambacho Waafrika walilazimishwa kutembea nacho. Kule Cape kazi nyingi zilitengwa kwa ajili yenu kabla ya Mxhosa wa Langa, mtaa wa Waafrika, kufikiriwa. Hamkuomba ngazi hiyo, na wengi wenu mliikataa kwa vitendo, wewe ukiwa mmoja wao, ulikimbia nchi kwa sababu hiyo. Nakukumbusha kwa sababu unajua ndani ya mwili wako maana ya kupewa kitu kidogo ili unyamaze. Kaka alipewa kikubwa zaidi. Ujuzi huo utakusaidia kumsikiliza, hata pale utakapomkatalia.

Mjukuu wako anauliza nyinyi ni nani hasa. Usizime taa, Mama. Anasikia maneno mitaani, chotara, na huko pwani suriama, neno lililotokana na suria, mtumwa aliyezalishwa na bwana wake. Maneno haya yana uzito wa watu waliotangulia kuyasema, na mtoto akiachwa nayo peke yake yatamwambia kwamba yeye ni nusu ya kitu. Mweleze badala yake kwa majina na mahali. Mwambie kuhusu seremala wa meli, mshonaji wa District Six, Mluguru mwenye shamba. Mwambie kwamba lugha uliyobembelezewa, hicho Kiafrikana ambacho hapa wengi tunakijua kama lugha ya Makaburu, ilipikwa pia na watumwa majikoni huko Cape, na walimu wa madrasa za Cape Town waliiandika kwa herufi za Kiarabu. Kati ya watumwa hao walikuwamo waliotolewa Madagaska na pwani ya Msumbiji. Damu yako huenda ilipita Bahari hii yetu ya Hindi muda mrefu kabla hujapita wewe kwa kukimbia.

Tena mpeleke Mazimbu siku moja, mtembee pamoja, umwonyeshe ulipofundisha. Halafu umwambie kwamba ni Morogoro hapohapo, mwaka 1969, ndipo ANC ilipokaa mkutano na kuamua kuwapokea Wahindi, Wazungu na watu wa rangi kama wanachama wake huko uhamishoni. Uongozi wa juu walifunguliwa baadaye sana, 1985, kule Kabwe, Zambia. Hata chama cha ukombozi kilichukua miaka kujibu swali ambalo mjukuu wa miaka 16 anakuuliza usiku. Kutokuwa na jibu la haraka si aibu.

Binti yako aliyekasirika, mwombe akusindikize. Ndiyo, yeye, si yule wa "damu nzito." Utahitaji mtu ambaye hatalainika mzee akianza kulia. Akitaka kumwambia mjomba wake maneno mazito, aseme, ila baada yako. Wewe ndiye wa kwanza.

Ujumbe wa kumjibu kaka nimeufikiria hivi. Ubadilishe upendavyo, na uuandike kwa Kiafrikana, lugha mliyogombania nayo peremende:

"Kaka, nimepata ujumbe wako. Nitakuja, nitajilipia. Hotelini sitakuja. Tukutane kwenye makumbusho ya District Six, au nyumbani kwako mchana. Watoto wako sitawaandikia. Lakini yeyote akiniuliza, nitasema mimi ni dada yako na mama yetu alikuwa mshonaji. Nakuomba uwaambie wewe kabla sijafika. Nina swali kuhusu viatu. Sussie."

Subirini jibu lake siku chache kabla ya kukata tiketi. Akinyamaza, niandikieni tena tufikirie upya. Akikubali, tafuteni picha ya familia, hata moja tu, kama mlibahatika kuwa nayo mkiwa wanne. Msibebe ile asili. Ipelekeni studio mjini, wawatolee nakala mbili, moja ya kaka, moja ya watoto wake. Asili ibaki Morogoro.